Titlis, First, Birg au Scex Rouge: uwapeleke wapi wageni wako?

Ikifika Mei simu yangu haipoi. "Mwanangu, viza zimetoka, tunakuja Julai. Tumeona picha ya lile daraja la mlimani, hilo usitukoseshe." Nikiuliza daraja lipi, natumiwa picha: ukuta wa mwamba, sakafu ya wavu wa chuma, mtu amenyoosha mikono, na chini yake hewa tupu. Picha hizo zote zinafanana. Njia zenyewe hazifanani. Moja iko kwenye kimo ambacho mpandaji wa Kilimanjaro anayepitia Marangu hukifikia siku ya pili ya kutembea. Nyingine iko chini kiasi kwamba wakati wa kiangazi unasikia kengele za ng'ombe walioko malishoni.

Ninaishi Bern, huu mwaka wa tisa. Nimewapandisha shangazi zangu wa Tanga, binamu wa Muscat na wanawe watatu, rafiki wa Bujumbura aliyehamia Lausanne, na wengine ambao hawakuwa na uhakika kama wangethubutu. Kwa hiyo nawalinganishia njia nne za Uswisi ambazo wageni wetu huziulizia zaidi. Naomba neno moja litangulie: mtazame kwanza aliye dhaifu kuliko wote kwenye kundi lako, kisha utazame anga ya asubuhi ile. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye bango ije baadaye.

Mambo matano ya kupima

*Pumzi.* Kwenye mita 3,000 kila pumzi unayovuta inakupa karibu asilimia 70 tu ya oksijeni ambayo ungeipata ufukweni Tanga. Kwenye mita 2,168 ni karibu asilimia 77. Tofauti hiyo ndogo kwenye karatasi utaiona kwa mzee anayepanda ngazi kumi tu. Kilimanjaro mwili hupewa siku za kuzoea; hapa kebo, yaani kibanda kinachovutwa angani kwa waya, inakutoa bondeni na kukufikisha juu kwa nusu saa. Kijana mwenye afya atahema kidogo, atasikia kichwa chepesi, basi. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia au ugonjwa wa mapafu amwone daktari wake kabla ya kununua tiketi. Na hili nalisisitiza kwa sababu wenyeji wa huku hawalifikirii: mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, asipande juu hivi bila ruhusa ya daktari. Upungufu wa oksijeni unaweza kumwamshia maumivu makali, na kwetu kuna familia nyingi zenye mtoto au kijana wa hali hiyo.

*Hofu.* Kuogopa kimo si woga wa kitoto. Mtu anaweza kuwa jasiri wa kila jambo na bado miguu ikamgoma kwenye wavu wa chuma. La kuuliza ni hili: njia inaninginia kwenye nyaya na kutikisika, au imefungwa kwenye mwamba na imetulia? Na akikwama katikati, anaweza kurudi au kukwepa?

*Safari ya kufika.* Mbadilisho wa treni, basi, kebo, kisha kebo nyingine. Mama wa miaka sabini huchoka kabla hajaliona daraja.

*Mfuko.* Njia zote nne zenyewe ni bure ukishalipia kebo. Gharama ni kebo, na kebo za Uswisi si mchezo. Kadi ya nusu nauli, ambayo wenyeji huiita Halbtax na wageni nao huuziwa yao ya mwezi mmoja, inakata nusu ya bei kwenye milima hii yote. Kwa familia inayopanda milima miwili na kutumia treni, kadi hiyo hujilipa upesi.

*Mawingu.* Kila mlima una kamera zinazoonyesha hali ya juu muda ule ule, kwenye intaneti na kwenye skrini za vituoni. Mara ya kwanza nilipopeleka wageni, nilikuwa nimekata tiketi jana yake. Asubuhi nikaona kijivu kitupu kwenye kamera, nikaona haya kuwaambia tusubiri. Tulisimama watu watano kwenye daraja, mwisho wake hatukuuona. Mjomba alinishika bega akasema, "Si kitu, baba, tumefika." Alisema kwa upole, lakini alikuwa ameweka akiba miaka miwili kwa safari ile, na siku ile haikurudi. Tangu hapo sinunui tiketi mpaka nione mwamba kwenye kamera.

Kwa ufupi, namba zenyewe ni hizi:

| Njia | Kimo kutoka usawa wa bahari | Urefu wa njia | Kebo inaanzia | Ilifunguliwa |
|---|---|---|---|---|
| Titlis Cliff Walk | mita 3,041 | mita 100 | Engelberg | 2012 |
| Peak Walk, Scex Rouge | karibu mita 2,970 | mita 107 | Col du Pillon | 2014 |
| First Cliff Walk | mita 2,168 | mita 250 | Grindelwald | 2015 |
| Thrill Walk, Birg | mita 2,677 | mita 200 | Stechelberg | 2016 |

Titlis: theluji hata Julai

Kati ya hizi nne, Titlis ndiyo iliyo juu kuliko zote, na mwili unalijua hilo. Ukishuka kwenye kebo unatembea polepole kama mtu aliyetoka kitandani baada ya homa. Nawaambia wageni wakae dakika kumi, wanywe maji, ndipo tuelekee darajani. Mtu wa Nairobi, aliyezoea kimo cha mita 1,700 na kitu, ana nafuu kidogo kuliko sisi watu wa pwani.

Daraja lenyewe ni la kuninginia, lina upana wa mita moja tu, na chini yake kuna kina cha kama mita 500. Linatikisika. Si sana, ila akitembea mtu mzito nyuma yako utamsikia kwenye nyayo. Ni la moja kwa moja: unaingia upande huu, unatokea upande ule, na wanaokuja nyuma wanakusukuma kwa macho. Anayeogopa ni bora abaki upande alioingilia, na hatakosa la kutazama: kuna pango lililochimbwa ndani ya barafu ya kudumu, na kuna theluji ya kuchezea mwaka mzima. Kwa wageni ambao hawajawahi kushika theluji, mara nyingi theluji hiyo ndiyo wanayoikumbuka, daraja linafuata.

Kufika si kugumu. Treni kutoka Luzern hadi Engelberg inachukua kama dakika 43. Engelberg maana yake ni mlima wa malaika, na kijijini kuna abasia ya Wabenedikti iliyoanzishwa mwaka 1120, inafaa kuitembelea jioni mkishuka. Toka kijijini unapanda kibanda cha watu wanane hadi kituo cha Stand, kisha unaingia kwenye kebo ya pili ambayo huzunguka taratibu ili kila mtu aone pande zote. Ilipoanza mwaka 1992 ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo duniani. Watoto huipenda, na wazee pia, maana hakuna haja ya kugombea dirisha.

Kwa mfuko, Titlis ni ghali, na hakuna njia ya mkato ya kuifikia kwa miguu kwa mtu wa kawaida. Kwa mawingu ina pande mbili. Upepo wa kusini wenye joto, unaoitwa Föhn, ukivuma kwenye bonde la Engelberg, daraja hufungwa na kebo zinaweza kusimama. Lakini kuanzia Oktoba hadi Januari, siku ambazo Luzern na Zürich zimefunikwa na ukungu mzito hata ukasahau jua, Titlis mara nyingi huwa imeketi juu ya ukungu ule kwenye mwanga mkali, na chini unaona bahari ya mawingu. Mwenzangu aliyekuja Novemba kwa kazi alilia alipoiona.

Inamfaa mwenye afya nzuri, anayeishi au kufikia Luzern au Zürich, anayetaka barafu na theluji pamoja na daraja.

Peak Walk: kilele hadi kilele

Hii iko upande wa Kifaransa, kwenye eneo la Glacier 3000, kati ya Gstaad na Les Diablerets. Kwa pumzi ni karibu sawa na Titlis, kwa hiyo tahadhari ni zile zile. Kuna pia ngazi za kupanda kabla ya kulifikia daraja, na hapo ndipo wazee wanapokaa chini.

Upekee wake ni kwamba linaunganisha vilele viwili, kwa hiyo halina ukuta wa mwamba pembeni wa kuegemeza jicho. Pande zote mbili ni uwazi. Lina upana wa sentimita 80. Ukipishana na mtu, mabega yanagusana. Kwa hofu nadhani ndilo kali kuliko yote manne, hasa upepo ukiwepo, ingawa ukikwama unaweza kugeuka na kurudi. Kwa mandhari, siku ya anga safi unaona Mont Blanc upande mmoja na Matterhorn upande mwingine, na Eiger, Mönch na Jungfrau kwa mbali. Sijui mahali pengine ambapo unaiona milima hiyo yote kwa kugeuza shingo tu.

Kufika kunahitaji subira. Kutoka Lausanne unapanda treni hadi Aigle, treni ndogo ya mlimani hadi Les Diablerets, kisha basi hadi Col du Pillon, ndipo kebo mbili zinazokufikisha juu kwa robo saa. Kwa anayeishi Geneva au Lausanne si mbali. Kwa aliyefikia Zürich ni siku nzima ya kukaa kwenye viti. Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda walioko upande huo wana faida nyingine: kila kitu, kuanzia tangazo la upepo hadi maswali ya kaunta, ni kwa Kifaransa.

Bei yake iko katikati. Mawingu nayo huja upesi, maana kilele kimesimama peke yake.

Inamfaa asiyesumbuliwa na kimo, anayekuja kutazama milima kuliko kucheza, na anayefikia upande wa magharibi.

First: pa kuwapeleka wazazi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipokwenda mara nyingi zaidi.

First iko juu ya Grindelwald, na kwa mita 2,168 mwili wa mtu mzima mwenye afya ya kawaida haulalamiki. Vibanda vidogo vya kebo vinapanda kwa dakika 25 hivi, vikipita vituo vya Bort na Schreckfeld, juu ya nyumba za mbao na malisho. Unapanda taratibu kiasi cha kumaliza mazungumzo, na masikio yanazoea.

Njia imefungwa kwenye ukuta wa mwamba chini ya mkahawa. Ni mita 250, inazunguka genge kwa kona. Sehemu kubwa imeshikwa na mwamba na imetulia tuli. Upande mmoja una jiwe la kuweka kiganja. Katikati kuna kidaraja cha kuninginia cha mita 40, ambacho hutikisika, na mwishoni kuna jukwaa linalochomoza juu ya bonde, mbele yake Eiger yenye mita 3,967. Kwa maana hiyo hofu inakuja kwa ngazi. Unaanza na kidogo, unazoea, inaongezwa. Titlis hukupa yote kwa pamoja.

Shangazi yangu mkubwa, mwenye miaka 68, aliapa kwamba atabaki mkahawani na chai yake. Nikamwambia twende hadi kona ya kwanza tu, akipenda turudi. Alikuwa amevaa dera na suruali ndani, ushungi ameufunga kwa pini tatu. Kwenye kona ya kwanza alisimama, mkono wa kushoto kwenye mwamba, wa kulia kwenye ukingo, macho mbele. Hakutazama chini. Kisha upepo ukapanda kutoka bondeni kupitia matundu ya wavu, ukalijaza dera lake kama tanga la mashua, na pamoja na upepo zikaja kengele za ng'ombe. Akainamisha kichwa kutafuta sauti inatoka wapi. Akawaona, madoa ya kahawia kwenye majani. Akahesabu kwa kidole, "Mmoja, wawili, yule analala," akasahau kwamba anatazama kupitia sakafu. Kidaraja cha kuninginia alikivuka akisoma dua kwa sauti, nami nyuma nikiitikia. Hakurudi mkahawani mpaka amefika jukwaani.

Pale jukwaani kuna udhia wa kweli: foleni. Julai na Agosti, kuanzia saa tano asubuhi, watu hupanga mstari kupiga picha kwenye ncha, na unaweza kusimama jua kali kwa muda mrefu. Dawa ni kebo ya mapema kabisa, au kwenda baada ya saa kumi kasoro huku ukichunga sana kebo ya mwisho ya kushuka.

Kufika ni kwepesi: treni kutoka Interlaken Ost hadi Grindelwald, kama dakika 35, kisha mwendo wa miguu kupita kijijini hadi kituo cha kebo. Interlaken yenyewe imejaa mikahawa ya halali kwa sababu ya wageni wengi wa Ghuba wanaokuja kiangazi. Binamu yangu wa Muscat aliona kama hakuondoka nyumbani.

Kwa mfuko, First ndiyo nafuu kuliko zote nne. Na kuna jambo ambalo wachache hulisema: njia haidai tiketi yake, kwa hiyo mwenye miguu mizuri anaweza kupanda kutoka Grindelwald kwa saa tatu na zaidi, mita 1,100 za kupanda, akapita kwenye genge bila kulipa chochote. Vijana wanafunzi, hii ni yenu. Ukishafika juu, tembea pia hadi ziwa Bachalpsee, chini ya saa moja kwa njia pana isiyo na genge. Maji yakitulia asubuhi, milima ya Schreckhorn na Finsteraarhorn inaonekana ndani yake juu chini. Anayeogopa daraja kabisa anaweza kulikwepa, akaenda ziwani, na siku yake ikawa kamili. Kwenye zile njia nyingine si rahisi hivyo.

Kwa mawingu, kimo kidogo kina faida: siku nyingi vilele vimefunikwa na First iko wazi. Ila Eiger ikijifunika, umepoteza nusu ya ulichokuja kuona.

Inawafaa wazazi, kundi lenye umri mchanganyiko, mwenye hofu anayetaka kujaribu, na mwenye bajeti ndogo. Haimtoshi anayetaka barafu ya kudumu chini ya kiatu.

Thrill Walk: ya watoto wakubwa na miguu imara

Birg ni kituo cha katikati kwenye njia ya kwenda kilele cha Schilthorn. Kimo cha mita 2,677 ni sawa na kambi ya Mandara kule Kilimanjaro, au pungufu kidogo. Pumzi inabana, lakini si kama Titlis.

Njia imetundikwa kwenye ukuta wa mwamba chini ya kituo, na imejengwa kama mchezo. Kuna sehemu ya sakafu ya kioo. Kuna bomba la wavu wa nyaya unalopita kwa kutambaa, tumbo likiangalia bonde. Kuna waya wa kutembea kama mwanasarakasi, na wavu wa usalama chini. Vitu hivyo vina njia ya kawaida pembeni yake, kwa hiyo hakuna anayelazimishwa. Hofu hapa unajichagulia mwenyewe. Ubaya ni ngazi: unashuka nyingi kwanza, na kurudi ni kuzipanda zote kwenye hewa nyepesi. Magoti ya wazee hayapapendi hapa. Watoto wa binamu, wa miaka tisa hadi kumi na minne, walipita kwenye bomba mara nne, na mdogo wao tulimshika mkono muda wote.

Kufika ni treni hadi Lauterbrunnen, basi hadi Stechelberg, kisha kebo kupitia Mürren, kijiji kisicho na magari. Tangu Desemba 2024 kuna kebo mpya ya Stechelberg hadi Mürren, iliyo kali kwa mwinuko kuliko nyingine yoyote duniani. Unapandishwa karibu wima kando ya mwamba, na kwa wengine hiyo tayari ni dozi ya kutosha. Kwa mfuko, ukikata hadi kileleni ni ghali. Ukiishia Birg unapunguza. Mandhari ya Eiger, Mönch na Jungfrau wakiwa wamepangana ni mazuri kutoka Birg, na juu Schilthorn, mita 2,970, ni mazuri zaidi. Kwa mawingu, uzuri ni kwamba una vituo vitatu vya kuchagua: Mürren chini, Birg katikati, kilele juu. Wingu likikaa kileleni, Birg inaweza kuwa wazi.

Inawafaa familia zenye watoto wa shule na vijana wanaotaka kufanya jambo, si kusimama na kutazama tu.

Mavazi na viatu, kwa njia zote

Wavu wa chuma una matundu. Kisigino chembamba kinazama humo. Nimemwona dada mmoja akivua kiatu na kuking'oa kwa mikono miwili. Vaa raba zenye soli nene. Upepo unatoka chini, kwa hiyo gauni, dera au buibui liwe na suruali ndani, na ushungi ufungwe. Simu itiwe kamba ya mkononi. Jaketi na glovu ni lazima Titlis na Scex Rouge hata kama Luzern mnatokwa jasho. Miwani ya jua si pambo: mwanga unaorudi kutoka kwenye theluji unaumiza macho kwa nusu saa tu. Chakula beba chenu. Bei za mikahawa ya juu zinashangaza. Kigari cha mtoto kiachwe kituoni, mtoto abebwe mgongoni. Kiti cha magurudumu sijawahi kuona kikipita kwenye njia yoyote kati ya hizi, ila Birg lina jukwaa la kutazamia karibu na kituo, na First lina baraza la mkahawa lenye mandhari yale yale.

Kumbuka pia kwamba Novemba, na pengine baada ya Pasaka, kebo husimama kwa matengenezo. Angalia tarehe kabla ya kukata tiketi ya ndege.

Ukiwa katika hali hii

Una wazazi wa miaka sitini na zaidi na hujui afya yao kwa undani: nenda First, asubuhi, na usiwaahidi daraja. Waahidi ziwa na chai. Wakitaka daraja lipo.

Wageni wako wana siku mbili tu na wanalala Luzern au Zürich: Titlis, iwapo kamera inaonyesha mwamba. Kuwasafirisha hadi Grindelwald na kurudi siku hiyo hiyo inawezekana, lakini watasinzia njia nzima.

Mko Geneva, Lausanne au Montreux, watu wazima watupu, hakuna mwenye presha: Scex Rouge.

Watoto watatu na nguvu zisizoisha: Birg. Ukiwa na mtoto mchanga pamoja nao, mzazi mmoja abaki Mürren anywe kahawa, mbadilishane.

Kuna mtu anayeogopa kimo na anatamani kuishinda hofu hiyo: anza First, na akivuka kidaraja akatabasamu, mpeleke Birg kesho yake. Usimwanzishe kwenye daraja la vilele viwili. Nimeona mtu mzima akiketi chini katikati ya daraja na kushindwa kusimama, na walio nyuma wakisubiri. Aibu aliyoisikia ilikuwa kubwa kuliko hofu.

Kuna mwenye selimundu au moyo uliopasuliwa: msiamue wenyewe. Daktari akikataa, bonde la Lauterbrunnen linatosha siku nzima, na hakuna anayebaki peke yake hotelini.

Viza imekataliwa au nauli haijatosha mwaka huu: Nyungwe, kusini magharibi mwa Rwanda, kuna daraja la kuninginia la takriban mita 160 lililofunguliwa 2010 karibu na Uwinka, kwenye msitu wa milimani ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023. Pale hutembei juu ya mwamba, unatembea juu ya vilele vya miti, na mlio unaousikia ni wa ndege na kima. Mtu wa Bukoba au Goma anafika kwa basi.

Na kama umeshafika Interlaken, una siku moja, na saa moja asubuhi kamera zote zinaonyesha kijivu: usipande. Chukua treni hadi Lauterbrunnen, kisha basi mpaka Trümmelbach, yalipo maporomoko kumi ndani ya mlima yanayobeba maji ya barafu ya Eiger, Mönch na Jungfrau, hadi lita 20,000 kwa sekunde. Yako wazi kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Novemba. Mwamba unatetemeka ukiushika, ukungu wa maji unakulowesha uso, na mawingu ya nje hayakuhusu. Jaketi la mvua beba.